Kanda Zilizorudi Hazijasikilizwa

Mliniaga vizuri nilipostaafu. Keki ilikuwa tamu, hotuba zilikuwa fupi, na blanketi mlilonipa linaifaa kabisa baridi ya Njombe ya mwezi wa saba. Mkaniomba niwaandikie kumbukumbu za kazi, na Frola wa mapokezi akanivuta pembeni akaniambia, "Mama, usituandikie vyeo, tuandikie mambo." Nimetii. Vyeo vyangu vilikuwa viwili tu, na cha pili kilikuja nikiwa nimeshaanza kuvaa miwani.

Mwaka ule masomo yalipohamia kwenye simu ghafla, niliwaona mkikimbia huku na huku mkisema jambo kama hili halijawahi kutokea. Sikuwajibu, maana mlikuwa na haraka. Lakini limewahi kutokea, hapa hapa kwetu, miaka ya soko huria. Simu tuliyokuwa nayo ilikuwa moja, ya kuzungusha kwa kidole, na siku nyingi ilikuwa imekufa.

Niliripoti kazini asubuhi yenye ukungu, nimevaa viatu vya mitumba vilivyonibana vidole. Kituo kilikuwa vyumba viwili ndani ya ghala la zamani la ushirika, na harufu ya pareto ilikuwa bado imo ukutani. Kazi ya kituo ilikuwa kuwahudumia wanafunzi wa chuo kikuu waliosoma wakiwa majumbani kwao: walimu, manesi, makarani, watu wenye kazi na watoto. Mratibu wetu alikuwa Mwalimu Mtewele, mzee mrefu aliyefundisha miaka mingi huko Kidugala na ambaye hakuwahi kupandisha sauti. Nilikuwa msaidizi wake, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja.

Nilidhani siku ya kwanza nitaonyeshwa mafaili. Mwalimu Mtewele akanipa kamba ya katani na rundo la vitabu, akasema, "Funga hiki kiende Ludewa." Nikafunga. Akakinyanyua, akakitikisa mara mbili, kikafumuka.

"Kifurushi cha Ludewa kinapanda na kushuka milima kuliko mbuzi," alisema. "Funga tena."

Nilifunga na kufungua kutwa nzima. Nailoni ndani kwa ajili ya mvua, karatasi ngumu juu yake, kamba ipite msalaba mara mbili, fundo likae chini ili lisisuguliwe na mizigo mingine. Saa kumi jioni akakitikisa kifurushi changu, kikatulia. Akasema, "Haya. Kesho utafunga vya kweli." Vidole viliniuma hadi Jumapili, lakini katika miaka yangu yote hakuna kifurushi changu kilichofumuka njiani, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalojisifia kabla ya vyeti.

Vifaa vingine mmeviona kwenye kabati la kumbukumbu mkavicheka. Mashine ya chapa tuliyokuwa nayo ilikuwa nzito kama gunia la viazi. Mashine ya kudurufu ilizungushwa kwa mkono, na wino wake ulihamia kwenye mikono, kwenye kikombe cha chai na siku moja kwenye shuka la kanisani. Ukikosea herufi kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia, ulipaka rangi ya kucha, ukapuliza, ukagonga tena juu yake. Mtu akiingia ofisini akasikia harufu ya rangi ya kucha alidhani nimejipamba. Nilikuwa nimekosea.

Mara tatu kwa mwaka wahadhiri walikuja kutoka Dar es Salaam wakakaa nasi wiki nzima, wanafunzi wakakusanyika katika shule iliyofungwa kwa likizo. Wahadhiri walifundisha wamevaa makoti mawili mawili. Wanafunzi walitoka Makambako, Ludewa, Makete na vijiji vya misheni vilivyotuzunguka, kila mtu na godoro lake na kifuko cha unga. Wiki hizo zilikuwa sikukuu. Watu waliokuwa wamesoma peke yao kwa miezi walizungumza mpaka sauti zikawakauka.

Katika hao alikuwamo Betha Mwinuka, mwalimu wa sekondari kutoka milima ya Ludewa. Alikaa mbele siku zote, na swali lake lilikuja wakati wenzake wameshafunga madaftari wanawaza chakula. Walimgunia, lakini jibu waliliandika. Betha alikuwa katika mwaka wake wa sita wa masomo. Kila kitu alikuwa amefaulu isipokuwa Takwimu, ambayo ilimwangusha mara moja. Kanuni ya wakati ule ilikuwa kali: somo likikuangusha mara ya pili, unaondolewa chuoni, na hiyo miaka mingine yote inabaki kuwa hadithi. Kwa hiyo alibakiwa na mtihani mmoja tu, na aliuwaza jinsi mkulima anavyowaza mvua.

Barua ilikuja kutoka makao makuu ya chuo zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya kikao kingine cha wahadhiri, watu wameshaomba ruhusa makazini mwao. Mwalimu Mtewele aliisoma amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Kutokana na hali ya uchumi, barua ilisema, wahadhiri hawatakuja mikoani. Mihadhara itarekodiwa kwenye kanda na kutumwa vituoni, na kila mwanafunzi "atajisomea kwa wakati wake na mahali pake." Kitakachobaki ni wiki moja tu ya marudio na wahadhiri, kabla ya mtihani. Utaratibu huo unaanza mara moja.

"Wakati wake na mahali pake," Mwalimu alirudia. Akavua miwani akaifuta. "Anasta, andaa kamba."

Niseme ukweli, mimi niliufurahia utaratibu ule. Nilikuwa kijana, na kanda zilinifanya nijione mtu wa kisasa. Zilikuja katoni nne, nyeusi, zinang'aa, kila moja ndani ya ngozi yake ya nailoni. Nilizigawa kwa masomo, nikazifunga kwa mafundo ya Mwalimu, nikazituma. Masharti yalikuwa kwamba baada ya miezi miwili zirudi, ili zipelekwe kwa kundi jingine. Moja niliijaribu kwenye redio ya ofisi. Ilikuwa ya Takwimu. Mhadhiri alisema kwa sauti nzuri kabisa, "Kama mnavyoona hapa ubaoni," kisha tukasikia chaki ikikwaruza kwa muda mrefu. Nilicheka. Sikujiuliza Betha ataonaje ubao ulioko Dar es Salaam.

Kulikuwa na jambo jingine lililokuwa likinikosesha raha, nalo ni uvumi kwamba makao makuu yanapunguza watu. Miaka ile kila ofisi ilikuwa inapunguza watu. Ulikuwa ukimsalimia karani leo, kesho unamkuta sokoni anauza nyanya, na salamu inakuwa ngumu. Mimi mwenye mkataba wa mwaka mmoja mmoja nilijua ningekuwa wa kwanza kuuza nyanya.

Ndipo makao makuu wakatuma hojaji. Walitaka kujua kama wanafunzi wameridhika na utaratibu mpya. Maswali yalikuwa mengi lakini yote yaliuliza jambo lile lile, na majibu yalikuwa manne: nimeridhika sana, nimeridhika, sijui, sijaridhika. Juu kabisa kulikuwa na nafasi ya jina na namba ya mwanafunzi. Nikaamua kuwakusanya Makambako, maana pale njia zote zinakutana, na mwanafunzi wetu mmoja, Nesi Skola Mgaya wa Lyamkena, akatuombea darasa la shule ya msingi jirani na kwake.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana kosa lenyewe ndilo hili. Watu walikuwa wametoka mbali, na kwetu mtu hawezi kutoka mbali ukampa karatasi kabla ya kikombe. Skola alichemsha viazi sufuria mbili. Mimi nilileta majani ya chai na sukari, nikawamiminia mwenyewe, nikawabembeleza waongeze. Walipomaliza walisisitiza kuosha vyombo. Hata wanaume waliingia jikoni kwa Skola kuosha vikombe, wakakaa huko muda mrefu, nikasema moyoni kwamba elimu ya juu imeanza kufanya kazi. Waliporudi tukaomba, kisha nikasimama mbele nikawasomea swali moja moja kwa sauti. Upepo wa Makambako ulikuwa ukiingia kwenye dirisha lililopasuka kioo, karatasi ikawa inanichezea mkononi. Wakaweka alama zao za vema. Nikapita nikikusanya, na kila aliyenipa karatasi alinipa kwa mikono miwili.

Wote walikuwa wameridhika sana. Mmoja tu aliandika "nimeridhika", bila "sana", na nakumbuka nilimwona hana adabu. Betha naye alikuwa ameridhika sana, kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho.

Nilizituma kwa furaha. Baada ya muda ikaja barua kwamba Kituo cha Njombe ni cha kupigiwa mfano, nikaibandika ukutani. Ilibidi siku mbili zipite ndipo Mwalimu Mtewele aniite niisome aya ya pili, ambayo furaha ilinifanya niiruke. Ilisema kwamba kwa kuwa wanafunzi wa Njombe wameridhika kiasi hicho, hakuna haja tena ya wiki ya marudio. Wahadhiri hawatakuja kabisa. Watu wataingia kwenye mtihani na kanda zao.

Bado nilijitetea moyoni. Si wenyewe wamesema?

Kanda zikaanza kurudi. Kazi yangu ilikuwa kuzikagua moja moja kabla ya kuzituma kwingine. Kanda iliyosikilizwa, kama mnakumbuka vitu hivyo, utepe wake wote unakuwa umehamia upande wa pili. Hizi zilikuwa zimesimama mwanzoni. Nikasema watu hawa wana nidhamu, wamezirudisha nyuma kwa kuzungusha kalamu kwenye tundu ili wasimalize betri. Nilikagua ya pili, ya tatu, ya kumi. Kisha nikafungua kifurushi cha Betha Mwinuka. Kanda za masomo mengine, maana kila mtu alitumiwa seti nzima, zilikuwa kama za wenzake. Ile ya Takwimu ilikuwa bado ndani ya ngozi yake ya nailoni, haijaguswa, inang'aa kama siku niliyoituma.

Nikakaa juu ya katoni. Kisha nilimpelekea Mwalimu, nikaiweka mezani kwake. Akaigeuza, akaiangalia, akaniangalia.

"Anasta, siku ile Makambako," alisema, "uliwauliza au uliwakaribisha?"

Kwetu mtu akila kwako hasemi chumvi imepungua. Nilikuwa mwenyeji, nimewalisha, nimewasomea maswali kwa mdomo wangu huku nimewakodolea macho, na majina yao yako juu ya karatasi. Hata ningewauliza kama Makambako ina bahari wangesema ndiyo, tena nzuri sana.

"Nenda ukaulize tena," alisema Mwalimu. "Safari hii bila viazi."

Nilianza na Skola. Nilimkuta zahanati anapanga vitabu vya kliniki.

"Kamwene, Skola."

"Kamwene, dada. Mbona ghafla? Kwema?"

"Kwema. Nimekuja kuuliza habari za kanda. Ulizisikiliza kweli?"

"Nilizisikiliza. Mimi sina neno, dada. Niko mjini, umeme upo."

"Mbona zimesimama mwanzoni?"

Akapanga vitabu vilivyokuwa vimeshapangwa. "Redio ni ya shemeji," alisema hatimaye. "Lakini mimi nina nafuu. Wa kuhurumiwa ni Betha."

"Betha ana nini?"

Hapo mlango wa maneno ukafunguka. Skola aliyekuwa hana neno alinisimulia habari za Betha mpaka mgonjwa aliyekuwa kwenye benchi naye akasogea kusikiliza. Kijijini kwa Betha umeme hakuna. Ana redio ya kaseti, lakini mawe yake, yaani betri, yakichoka anayaanika juu ya bati yapate jua yafufuke kidogo. Anapata dakika chache, kisha sauti ya mhadhiri inaanza kuvutika.

"Anaongea kama mtu aliyeanza kunywa ulanzi alfajiri," alisema Skola. "Kanda zake mbili za kwaya zimeshaliwa na ile redio. Ya Takwimu akaogopa. Akasema haifungui mpaka apate mawe mapya, asije akaiharibu na ndiyo tegemeo lake. Mawe mapya hayakuja. Siku ya kurudisha ikafika, akarudisha."

"Kwa nini hakusema?"

Skola alinitazama kama vile nimeuliza kwa nini maji yanashuka mlima. "Aseme nini, dada? Mtu mzima ataanzaje kulia shida zake mbele za watu?"

"Lakini wewe umenisemea za kwake."

"Za mwenzangu nitaachaje kusema?"

Nilirudi Njombe nikiwa na maneno hayo kichwani. Wazee husema mficha uchi hazai, na ni kweli, lakini huku kwetu tunaficha wa kwetu tu. Ukitaka kujua njaa ya nyumba hii, kaulize nyumba ya pili. Nikaketi kwenye mashine ya chapa nikatengeneza hojaji mpya yenye swali moja: Mwenzako anasoma katika hali gani? Sikuweka nafasi ya jina la mwandishi. Niliweka nafasi ya jina la mwenzake tu.

Kuzituma kwa posta kungechukua muda tusiokuwa nao, maana mtihani ulikuwa umebakiza kama miezi mitatu. Nikaenda kwa Mzee Shabani, mfanyabiashara wa Makambako aliyetokea Kondoa zamani, mwenye duka karibu na stendi na mabasi yanayokwenda Songea na Ludewa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu."

"Mimi si mwalimu, mzee."

"Unabeba vitabu na unakemea watu. Wewe ni mwalimu. Sema shida."

Nikasema. Akachukua bunda lote, akawaita makondakta wake, akawaeleza kwamba atakayepoteza karatasi ya mtu anayesoma atajieleza kwake na kwa Mungu, kwa mpangilio huo. Majibu yangerudi dukani kwake, ndani ya boksi la biskuti aliloliweka juu ya gunia la chumvi.

Yalirudi. Karatasi nilizowapa hazikutosha, watu waliendelea nyuma na pembeni. Mwenzangu anasikilizia kwa jirani, na jirani akitaka taarabu anamtolea kanda. Mwenzangu mume wake ameuza redio. Mwenzangu ni mlezi wa bweni la wasichana misheni, hana saa ya kimya hata moja. Mwenzangu anaona haya kusema kwamba haelewi huo ubao unaotajwa. Na karatasi baada ya karatasi, zaidi ya mtu yeyote, walimtaja Betha Mwinuka wa Ludewa na mawe yake juu ya bati. Nilisoma nikiona aibu, na ndani ya aibu ile, sijui niseme vipi, nikaanza kupumua. Afadhali ubaya unaoujua.

Walijibu karibu wote. Aliyekosekana alikuwa Betha mwenyewe. Nilijua kwa sababu hati za mkono za watu wangu nilizifahamu, na yake haikuwamo. Nikadhani amekata tamaa.

Sasa ilibidi niwaandikie makao makuu kwamba kituo cha kupigiwa mfano kilidanganya, na aliyedanganya ni mimi. Nilichapa barua mara tatu, na rangi ya kucha iliisha. Mwalimu Mtewele akasema, "Nitatia sahihi mimi. Mimi ni mzee, wanipunguze wakitaka." Nikakataa. Tulibishana kwa adabu, kisha tukatia sahihi wote wawili, yeye juu mimi chini. Barua na karatasi zote nikazifunga kwa fundo lake.

Wiki zile za kungoja sikula vizuri. Nilishaanza kuangalia bei za nyanya. Asubuhi moja simu ikalia, na hiyo peke yake ilitushtua kwa kuwa tulijua imekufa. Sauti ya mkubwa mmoja ikauliza, "Nani alichapa ile barua ya Njombe?"

"Ni mimi, mheshimiwa."

Nikasikia karatasi zikipinduliwa. "Huyu mwanamke anaanika betri juu ya bati kweli?"

"Kweli, mheshimiwa."

Kisha akasema wiki ya marudio inarudi, na kwamba ninaruhusiwa kuchapa mihadhara yote ya kanda kwenye karatasi na kuwatumia wanafunzi. Akakata bila kuaga. Niliishika simu nikicheka peke yangu, machozi yananitoka, na Mwalimu Mtewele akaenda dirishani akaangalia ukungu kwa makini sana, naye ukungu wa Njombe ameuona maisha yake yote.

Basi tukafanya kazi. Nilicheza kanda, nikasimamisha, nikachapa sentensi moja, nikacheza tena. Kila mhadhiri aliposema "kama mnavyoona ubaoni," nilimwandikia kumuuliza tunaona nini, na wengine walijibu kwa ukali kidogo, lakini walijibu. Nilizungusha mashine ya kudurufu mpaka bega moja likawa juu kuliko la pili. Huko Makambako Mzee Shabani alitoa redio kaseti ya dukani, na kila Jumamosi wanafunzi wa pale walikaa juu ya magunia wakisikiliza. Wateja waliokuja kununua chumvi walibaki. Mzee mwenyewe alikuja kujua habari za wastani vizuri kuliko baadhi yao, akawa anawakosoa wauza mahindi.

Kurasa za Takwimu za Betha nilizifunga peke yake, nailoni mara mbili. Wiki ya marudio alikuja, amevaa koti la mvua, kurasa zangu amezishona kwa uzi zikawa kitabu. Alikaa mbele. Swali lake lilikuja wakati wa chakula. Nilimfuata baadaye nikamuuliza, "Betha, ile karatasi yangu ya mwenzako hukuijibu?"

"Niliijibu, dada," alisema. "Ilikuwa fupi."

Nikadhani ananiridhisha tu, kama zamani, nikaacha.

Mtihani ukafanyika. Matokeo yalipokuja nilipitisha kidole kwenye orodha polepole, naogopa kufika. Betha Mwinuka, Takwimu: amefaulu. Si kwa kishindo, lakini amefaulu, na miaka sita ikawa shahada. Alipofika kituoni na kuambiwa, alikaa juu ya katoni ile ile niliyokalia mimi siku ya kanda, akasema, "Basi sasa nitalala." Tulikunywa chai, na safari hii viazi vilikuwa halali.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa Makambako kwa shughuli nyingine, nikapita dukani kusalimia. Mzee Shabani alikuwa anapaka ukuta rangi, magunia yote yametolewa nje.

"Mwalimu, njoo uchukue mtu wako," alisema. "Alikuwa amepiga kambi nyuma ya chumvi." Akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne, imeingia unyevu na imekauka tena. Ilikuwa imedondoka nje ya boksi la biskuti.

Hati ya mkono niliijua kabla sijaikunjua. Kwenye nafasi ya jina la mwenzako, Betha alikuwa ameandika jina langu. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo, nainakili hapa ilivyo:

"Mwenzangu ni Dada Anasta wa kituo cha Njombe. Anafanya kazi katika hali ya hofu. Siku ile Makambako aliposimama kutusomea maswali, karatasi ilikuwa inatetemeka mkononi mwake. Tulisikia makao makuu wanapunguza watu. Wakati wa kuosha vikombe tulikubaliana wote kwamba tukisema kanda hazitufai, atafukuzwa yeye, siyo waliozituma. Ndiyo maana tuliandika tumeridhika sana. Naomba mwenzangu asifukuzwe. Anatufungia vifurushi vizuri."

Nilisoma nimesimama katikati ya magunia. Nilikuwa nimejilaumu kwa ajili ya viazi, kumbe viazi havikuhusika. Watu waliokuwa wanaanika mawe juu ya bati, wamebakiwa na mtihani mmoja wa maisha, waliingia jikoni wakaamua kunibeba mimi. Kuhusu ile karatasi iliyokuwa ikicheza mkononi, mpaka leo sijui kama ulikuwa upepo au nilikuwa mimi.

Nilikaa juu ya gunia nikalia, wala sikujificha. Mzee Shabani akaweka brashi chini, akanijia haraka na mikono yake ya rangi, akaniuliza kwa upole kama nimepata msiba.

"Hapana, mzee," nikamwambia. "Nimeridhika sana."